Mkuu wangu ni mpole, nami namwogopa

Alhamisi. Theluji imeanguka tangu alfajiri na barabara ya kurudi nyumbani Blaine ilikuwa na utelezi wa sabuni. Nimeendesha polepole kuliko wote, lakini si kwa sababu ya barafu.

Ninafundisha falsafa ya siasa katika chuo kimoja cha Saint Paul, huku Marekani. Leo tulifika kwenye uhuru, jinsi watu wa Ulaya walivyoubishania karne nne hivi zilizopita. Wapo waliosema mtu huru ni yule asiyezuiwa: mlango uko wazi, pita. Wengine wakakataa. Mtumwa mwenye bwana mpole, wakasema, anaweza kumaliza mwaka bila kuguswa, na bado ni mtumwa, maana bwana akibadilika kesho hana pa kushtaki.

Nilieleza vizuri, nikajisifu moyoni. Kisha msichana wa Kikongo anayekaa mbele akaniuliza, "Na weye, mwalimu, uko libre, uko huru?"

Nikacheka, nikatazama saa.

Viza yangu inaisha mwezi wa sita. Barua ya kuombea nyingine ni lazima isainiwe na mkuu wa idara, na hii ni wiki ya tatu iko mezani kwake. Hajawahi kunifokea. Huniulizia hata hali ya mama yangu aliyeko Moshi. Nami kila Ijumaa humpelekea maandazi, ofisi nzima inasema ndio ukarimu wa Watanzania. Hata mimi nilidhani ni ukarimu.

Wiki iliyopita kikaoni alipendekeza somo langu la wanafikra wa Kiafrika lifutwe. Wenzangu wakanigeukia. Nikasema hamna shida.

Shida ipo. Nimelijenga somo lile kwa miaka mitano, na kesho asubuhi linapigiwa kura.

Jioni nimemsimulia binti yangu wa miaka kumi. "But he's nice, Mama," akanijibu. Ni kweli, na hilo ndilo linalonitisha. Angekuwa mkali ningejua namna ya kumkabili.

Nikipinga, halafu barua isisainiwe, mtoto huyu ataondolewa katika nchi pekee anayoijua.

Naogopa. Neno hilo ninaliandika hivyo hivyo, bila kulipamba.

Nimejiapiza kwamba kesho nitanyoosha mkono kupinga, na nitaingia kikaoni bila kubeba chochote.

Ila naandika haya nikiwa jikoni, na unga nimeshaukanda. Umeanza kuumuka.