Mbolea Niliyompelekea Mama Mkubwa

Mama mpenzi,

Likasi ina jua kali na vumbi jekundu. Maharage ya dada yako yamegeuka manjano, kwa hiyo nilimkabidhi ule mfuko wa mbolea ya virutubisho. Akasoma maandishi yake, akacheka mpaka machozi: "Ee mutoto, weye unaleta mukuba ku Likasi?"

Mukuba ndiyo shaba, iliyoandikwa kwenye mfuko. Mmea huihitaji chembe tu. Hapa mtaro wa kiwanda cha shaba umeimwaga shambani miaka yote, hata mizizi inashindwa kupata chuma na majani yanageuka manjano. Nilipomweleza, hakucheka tena. "Basi miye nipande wapi?"

Jioni alinipakulia bukari, ugali wa huku, na majani ya maharage yale yale, nikala yote.

Ukichuma mboga zako kesho, Mama, kula polepole; udongo wako bado ni safi.

Akupendaye, binti yako