Reli Juu ya Chaga za Kitanda cha Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na jina langu naomba ulifiche, maana hata hivi ninavyoandika masikio yananiwaka moto. Mimi ni mstaafu wa reli, miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye kibanda cha ishara, kazi yangu ikiwa moja tu, kuwaonyesha madereva wa treni kama njia iko wazi au imefungwa, na siku ya kuagwa wenzangu walinizawadia kichwa cha treni kidogo cha umeme, cha kukaa kiganjani, pamoja na vipande vya reli vya kuunga duara. Mama watoto alikuwa hai bado, tukaiwasha juu ya meza ya sebuleni, tukacheka mpaka machozi, ikaishia hapo. Alipofariki nyumba ikanyamaza mno, binti yetu wa pekee alishaolewa, basi nikaanza kuongeza reli, kisha mabehewa, kisha milima ya bandia ya magazeti na plasta, sebule ikawa finyu, nikahamia chumba cha binti.

Hapo ndipo nilipokosea, au tuseme ndipo nilipoanza kukosea. Nilihitaji meza kubwa, na mbao nikaziona pale pale chumbani zimekaa bure, ndivyo nilivyojiambia, kwa hiyo nikakifungua kitanda chake, kile ambacho mama yake alimnunulia alipofaulu kwenda sekondari, chaga nikazipanga zikawa meza, miguu ikabeba meza, na ule ubao wa kichwani wenye maua ya kuchonga nikaukata ukawa daraja. Daraja zuri, mshauri, sikufichi.

Wiki tatu zilizopita binti akanipigia simu analia, ndoa imemshinda, akasema, "Baba, naomba chumba changu, mimi na mtoto, mpaka nijipange." Mdomo ukatangulia akili, nikamjibu, "Mwanangu, chumba chako paa linavuja, hapalaliki." Akasema basi watalala sebuleni, nikasema vumbi la dari linafika hadi sebuleni, litamdhuru mtoto kifua. Akasema, "Sawa baba, usihangaike." Sasa analala chini kwa rafiki yake, yeye na mjukuu wangu wa miaka minne, na akija kunisalimia nafunga kile chumba kwa ufunguo, na kila jioni ananipigia kuniuliza kama nimekula.

Juzi akaniambia kwa furaha kwamba amepata fundi wa paa na anakuja naye Jumamosi. Nilichofanya jana naona aibu hata kukiandika. Nilipanda ngazi na birika la chai ya rangi, nikaimwagia dari ili ionekane imevuja, na kabla ya kumwaga nilizifunika kwanza treni zangu zisilowe. Nilizifunika kwa shuka la binti yangu. Nikiwa bado juu ya ngazi nikaliangalia lile shuka, nikashuka, nikakaa sakafuni, na treni sijaiwasha tangu saa hiyo. Naomba unishauri, huyu fundi nimzuieje?

Ni mimi, Mzee wa Stesheni Ndogo

Mshauri anajibu:

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuamkia mapema kwa sababu nikishaanza sidhani kama nitakumbuka adabu.

Pole kwa kuondokewa na mwenzio. Nyumba iliyonyamaza inauma, na mtu mzima kucheza na treni si kosa hata kidogo, ningekuwa jirani ningekuja kulitazama hilo daraja. Lakini chai kwenye dari, mzee? Fundi akipanda akakuta bati kavu na dari ina majani ya chai, utamwambia mvua ya kwenu inanyesha na majani?

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta swali la baba. Hukuniuliza utamwambia nini mwanao, umeniuliza fundi azuiwe vipi. Miaka thelathini na mmoja hukuwahi kumwambia dereva njia imefungwa huku unaiona iko wazi, maana ungefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Mwanao ndiye uliyemwambia hivyo, tena akiwa analia. Na bado anakupigia kujua kama umekula!

Sasa nisikilize. Usibomoe kitu kabla hajakiona, kwa sababu ukibomoa leo, Jumamosi utamtungia uongo mwingine. Simu weka chini. Nenda kwa miguu yako hapo anapolala, leo, kabla jua halijazama. Mwambie paa ni zima. Mwambie kitanda umekikata. Habari za upweke wako usianze nazo, hizo utamweleza akishamaliza kukasirika, na atakasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Ukimaliza mbebe mjukuu, mrudi nyumbani wote watatu, umfungulie chumba aone kwa macho yake. Huyo fundi wa paa aambiwe asisumbuke. Anayehitajika kwako ni seremala.

Utasema, watalala wapi usiku wa leo? Hapo ndipo uliponichosha kabisa. Barua nzima umetaja kitanda cha mwanao, chako hukukitaja hata mara moja. Kipo, na naamini ni kile mlicholala wawili. Basi leo walale humo yeye na mtoto, mpaka chake kitakapotengenezwa. Wewe tandika mkeka chini ya meza ya treni. Ukilala chali, juu ya uso wako utaziona chaga za kitanda cha mwanao, moja moja. Zitazame mpaka kukuche, kisha chukua bisibisi.