Mikono Miwili ya Kushoto

Nyumba ya nyuma ya karakana ya viatu,
Jumanne, chai ikiwa bado ya moto.

Mpendwa mume wangu mdogo,

Hujambo? Umeamkaje? Umekula? Usinijibu umekula wakati umekunywa chai kavu ukiwa umesimama. Nauliza chakula, kile cha kukaa chini.

Sisi huku wazima. Kifua cha mama yako kimetulia, anakohoa akitaka kusikilizwa tu. Goti langu linagoma likiona ngazi, lakini mdomo ni mzima, na hilo utaliona hapa chini.

Anayeandika ni mke mwenzangu, yaani dada yako muuguzi, maana mimi shule niliipita kwa nje nikienda kuteka maji. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake poda. Anacheka. Andika na hilo, umecheka.

Barua yako imefika. Nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilikasirika nikiwa nimekaa.

Unasema chama chenu cha ndondi kinataka kubadili sheria ya glavu. Nusu ya wazee wa chama wanataka glavu nyembamba, eti watazamaji wanasinzia vitini. Nusu wanataka glavu nene, eti za sasa si salama. Na katikati wamewaweka nyinyi mabondia mseme mnataka zipi, kama kuku anayeulizwa apikwe kwa mchuzi au akaangwe. Na wewe, Nyundo wa watu, umejaza kurasa tatu unazisifu nyembamba. Kisha unaniomba nikushonee jozi kwa pambano lenu la kuijaribu hiyo sheria mpya, na atakayeshinda anaingia timu.

Kwanza hizo wakia mnazopimia uzito wa glavu. Wakia nane, wakia sita, wakia sijui ngapi. Mwanangu, wakia mimi nilizijua kwa muuza marashi. Glavu naijua kwa kuikamua. Miaka thelathini nimeshona na kuziba glavu za klabu ya babu yako, hapa hapa kwenye meza ya dirishani, vidole vyangu vimekula sindano kuliko ngozi ilivyokula. Kwa hiyo nikikwambia jambo la glavu, usinikatize kwa wakia.

Glavu ni mto wa ngumi. Si mto wa kichwa. Anayelindwa ni anayepiga. Hao wanaotaka glavu nene kwa usalama, waulize ni usalama wa nani. Mtu ukimfunga mto mkononi, atatwanga kichwa cha mwenzake kutwa nzima kama anayefua blanketi, kwa sababu yeye hakuna kinachomuuma.

Babu yako alipigana na glavu nene kama mito ya hospitali. Hakuchanika nyusi hata siku moja. Watu wakimwona wanasema bondia gani huyu, uso laini kama katoka kuposa. Alipigwa kichwani mara elfu, laini laini, ulingoni kidogo na mazoezini ndiyo kabisa, na kila mara alicheka. Kisha akaanza kutia sukari kwenye kiatu. Kisha siku moja akaniuliza mimi, niliyemzalia watoto watano, "Mama, mwenye nyumba karudi?" Nikamjibu, "Karudi baba, yuko bafuni anaoga." Nikaenda kukamua ngozi niliyoiloweka, nikaikamua mpaka ikawa kavu. Wewe ulikuwa mdogo, ulidhani babu anatania.

Basi asinijie mtu na nene.

Na hizo nyembamba? Sikatai, zina haki yake. Fuvu ni jiwe na vidole ni vijiti. Mwenye glavu nyembamba, kama ana akili, atauhurumia mkono wake, aache paji la uso, apige mbavu na tumbo. Pambano linakuwa na ufundi. Lakini wale wazee wenu hawazitaki kwa ajili ya mbavu. Wanazitaka kwa sababu zinachana, na damu inaonekana mpaka viti vya nyuma. Kama wanasinzia, wakalale kwao, vitanda wanavyo.

Ungeniuliza mimi, ningesema wapunguze raundi. Wakataze watu kugongana vichwa mazoezini kila siku Mungu aliyoileta, kwa sababu huko ndiko babu yako alikoishia, watazamaji hawapo na refa hayupo. Na kila mzee wa chama avishwe glavu anazozitaka, apande ulingoni, apigwe nazo raundi tatu, ndipo apige kura. Kura itakuwa moja, nakuahidi. Wote watataka kucheza bao.

Dada yako anasema niingie kwenye hoja. Hoja ninayo, naizunguka kwa sababu inaniuma.

Ulituma vipimo kama ulivyofundishwa nyumbani: unaweka mkono kwenye karatasi, unaupitishia kalamu pembeni. Karatasi mbili. Moja umeandika kushoto, nyingine kulia. Nikazibandika dirishani ili mwanga upite, nianze kukata ngozi. Nikakata ya kushoto. Nilipogeukia ya kulia, mkasi ukasimama wenyewe.

Kidole kidogo kilikuwa kimepinda.

Mume wangu, kidole chako kidogo cha kushoto kilibanwa na mlango wa kabati ukiwa na miaka sita. Nilikifunga mimi kwa kijiti cha mwiko, kikapona kikiwa kimegeuka kama kinachungulia nje. Cha kulia kimenyooka. Sasa ilikuwaje cha kulia kikachungulia? Nikaipindua karatasi. Nikaona kalamu ilivyokandamiza upande wa pili. Umechora mkono wa kushoto mara mbili, mara ya pili ukaupitishia wino kwa nyuma ili uonekane wa kulia.

Kusoma sijui. Mkono naujua.

Dada yako akasema, "Bibi, pengine kakosea tu. Anatumia kulia, kalamu ilikuwa kulia."

Nikamwambia, "Mke mwenza, aliyekosea angeandika kushoto mara mbili. Huyu kaandika kulia kwa herufi kubwa."

Akauweka mkono wake mezani, akaubonyeza kiganja, akabonyeza nyuma ya kidole kidogo. Akasema mfupa wa anayepiga ngumi huvunjika pale. Akasema hospitalini kwao wanaletewa kila wiki, waliopiga ukuta na waliopiga watu, na kwamba aliyevunjika pale hawezi kulaza mkono ukachorwa. Aliyasema kwa sauti yake ya kazini. Hiyo sauti siipendi nyumbani.

Ndipo nikamwambia anisomee tena ule mstari wako wa mwisho, ule ulioubana chini ya ukurasa kama mtu anayeficha ganda la ndizi: "Bibi, ya kulia iongeze sponji kidogo kwenye vifundo, ndani kwa ndani, isionekane."

Ehe! Kurasa tatu unasifu nyembamba, na mstari mmoja unaomba nene kwa siri. Mdomo wako umeikubali sheria mpya, mkono wako umeikataa. Na mimi, kikongwe wako, ndiye unayenituma niidanganye mizani. Umenishika pabaya. Miaka thelathini hakuna glavu iliyotoka kwenye meza hii ikiwa na kitu ndani ambacho refa hakijui. Walikuja watu wazima na masharubu yao kuniomba, nikawafukuza kwa ufagio. Nawe unaniomba kwa mstari mmoja, tena bila hata "tafadhali".

Sasa nisikilize. Sponji ile haitakusaidia. Itaficha maumivu raundi ya kwanza, raundi ya pili utapiga kwa nguvu kwa sababu unadhani umepona, na raundi ya tatu mfupa utatoka ulipo. Baada ya hapo hutashika kijiko. Na mwenzako uliyempiga kwa glavu yenye siri, naye ana bibi mahali.

Najua unachoogopa. Nafasi kwenye timu ni moja, umeingoja miaka minne, na ukisema umeumia wataiweka mikononi mwa mwingine kabla hujamaliza sentensi. Najua. Nimeolewa na bondia, mwanangu, woga huo nimelala nao kitanda kimoja. Babu yako naye kila mara aliniambia, "Hili la mwisho, nikishinda hili nitapumzika." Alishinda mengi. Hakupumzika mpaka kichwa kilipompumzisha kwa nguvu.

Kwa hiyo sitauliza mkono uliumia lini, wala kwenye nini. Nakujua, utanitungia hadithi yenye ngazi na ndoo. Nitakwambia tu nilichofanya.

Nimeshona glavu ya kushoto. Imo kwenye kifurushi hiki, kinakuja na basi la leo usiku. Ni nyembamba kama sheria yenu inavyotaka, wala haina siri, mshono mara mbili, uzi nimeupaka nta mwenyewe. Ukiivaa utajua hujawahi kuvaa glavu. Dada yako anasema nimeharibu macho kwa ajili yako. Aandike pia kwamba ni macho yangu.

Ya kulia sikushona. Ngozi yake nimeikunja juu ya kiti cha babu yako, imekaa pale kama mgeni. Siwezi kuushonea mkono nisiouona. Na bondia wa glavu moja hapandi ulingoni, hata kwa hao wazee wenu.

Nenda hospitali Jumatano, usingoje Alhamisi. Waambie wapige picha. Kisha mwambie kocha wako ukweli akiwa amekaa, halafu panda basi uje nyumbani upone. Timu itachagua tena. Mkono wa kulia wenyewe ni huo mmoja.

Mama yako sijamwambia. Anajua nakuandikia habari za glavu tu, na amesema nikukumbushe kuvaa sweta. Nakupa mpaka Jumapili. Ikifika Jumapili sijasikia sauti yako kwenye simu ya dada yako, nitamwambia, na wewe unamjua mama yako: atapanda basi na kifua chake, atakukuta mazoezini mbele ya wenzako, naye haji na glavu.

Mjomba wako fundi viatu anakusalimu. Ameniazima koleo lake, nimekataa kulirudisha. Dada yako anakusalimu kwa ukali. Msalimie kocha wako, mwambie sina ugomvi naye bado. Wasalimie wenzako mnaokaa chumba kimoja, na yule uliyeniandikia kwamba anakupikia siku za zamu yako kwa kuwa mkono "umechoka", mpe shukrani zangu, na mwambie angeniandikia mapema.

Mungu akulinde mahali glavu haifiki. Akupe moyo wa kusema "nimeumia" kama alivyokupa wa kusema "nitashinda".

Wako wa kwanza kabla hujapata mwingine, nikupendaye ukiwa na meno na ukiwa huna,

Bibi.

Kusaini sijui, unalijua hilo. Nimemwambia dada yako asiniandikie jina, anichore mkono. Ndio huu hapa chini, wa kulia, wa kweli. Umejaa mabonde na vidole haviendi tena vinakoambiwa, lakini umelala chini wote.

Weka wa kwako juu yake. Wa kulia. Mkono wako ukilala ukaufunika wangu bila wewe kuuma mdomo, basi mimi ni kikongwe mzushi, nipigie simu unitukane, nitashona glavu yako siku hiyo hiyo.

Usipolala, ubebe hivyo hivyo uje nao.