Samaki wa Watu Wawili

Rubondo, 9 Agosti 2012

Kwako Elisée,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Huku kambini tuko wazima, maharagwe yamekauka vizuri, ila mama bado anakohoa.

Jana nilifumua nywele. Zilisukwa Mbarara kwa kile kipande cha gazeti ulichonitumia: msomaji akikipeleka saluni analipa nusu, na hoteli ya jirani inalisha wawili kwa bei ya mmoja. Dada wa saluni aliniuliza, "Unaolewa?" Nikacheka. Nilidhani umeniitia jambo hilo.

Samaki walipoletwa mezani ukasema, "Orpa, jina langu limetoka. Naenda Amerika mwezi wa kenda. Kwenye faili ya wakimbizi niliandika sina mutu wa kwenda naye, na sasa haibadiliki."

Kisha ukauliza mbona sili. Nikajibu misuko inanibana, kichwa kinauma.

Nilikuficha jambo, Elisée. Mama mudogo Olga alikuwa ameniandika kwenye faili ya jamaa yake, twende wote Kanada. Mwezi wa sita nilikwenda Base Camp, kwenye ofisi ya wakimbizi, nikaomba jina langu lifutwe, ili nibaki nawe. Hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo Mbarara, na nikarudi nayo.

Jumatatu mama mudogo na jamaa yake yote walipanda basi la kuanza safari ya Kanada. Nilimbebea mama mudogo mfuko mpaka mlangoni. Akaniuliza, "Elisée atakuoa lini?" Nikamwambia karibuni, ili asiondoke akilia. Akanibariki, akaingia.

Usafiri salama. Usinijibu.

Orpa