Kwa Nini Kifaru Anazima

Jumamosi, 3 Agosti

Leo naanza. Naahidi kuandika kila kitu, hata yale ambayo Mama akiyasoma atanuna. (Hatayasoma. Daftari hili linalala chini ya godoro langu, upande wa ukutani.)

Habari kubwa: Kifaru amewaka!

Kifaru ni gari letu. Lilikuwa la Babu, akawaachia Baba na Baba Mdogo, na lina umri mkubwa kuliko wao wote wawili. La kijivu, umbo lake kama sanduku lililobandikwa juu ya sanduku. Lilitengenezwa kwa ajili ya mawe na matope, siyo kwa ajili ya watu wenye migongo. Tangu mwaka jana lilikuwa bandani bila injini. Injini ilishushwa, ikafunguliwa yote, ikalala vipande vipande juu ya meza ambayo Baba hukatia vitambaa. Baba ni fundi cherehani. Baba Mdogo ni fundi wa redio na friji. Magari hakuna aliyeyasomea! Wamejifunza kwa kuchafuka.

Asubuhi Baba Mdogo akapiga starta. Kifaru akakohoa. Akakohoa tena. Halafu — ngurumo! Moshi ukajaa hadi hatukuonana. Baba akamkumbatia Baba Mdogo, Baba Mdogo akamkumbatia jirani aliyekuwa anapita na ndoo ya maji. Maji yote yakamwagika na jirani akacheka.

Mama akatoka jikoni akiwa na sare yake ya uuguzi. Akasikiliza, kichwa kakilaza upande kama anayesikiliza kifua cha mtu. Akasema mapigo si mabaya. Kisha akaingia ndani, akarudi na kifurushi. Kifuniko cha tangi la mafuta! Kipya, kinang'aa kama fedha, na kina ufunguo wake. Kile cha zamani kilikuwa kutu tupu.

Mama hajawahi kumpa Kifaru hata tambara la kufutia kioo. Sasa Baba ameutia ufunguo kwenye uzi, ameuvaa shingoni pamoja na futi yake ya kupimia watu.

Jumapili, 4 Agosti

Kifaru amezima.

Tulikuwa tunazunguka uwanja wa mpira. Mimi nyuma kwenye benchi, upepo unaingia kila upande, Baba anaimba. Safi kabisa! Ghafla Kifaru akaanza kuburuta miguu, akarukaruka kama mwenye kwikwi, akanyamaza. Nyuma ya goli.

Baba Mdogo alisema ni umeme. Baba alisema ni kabureta, kuna mahali panabana. (Kwa Baba, kila tatizo duniani ni kitu kinachobana au kinachopwaya. Kwa Baba Mdogo, kila tatizo ni waya.) Wakabishana boneti ikiwa wazi, vichwa ndani, makalio nje. Kila nilichouliza niliyauliza makalio.

Mama akapita akitoka zamu. "Mgonjwa amekula?" Maana yake, mafuta yapo? Baba akaona ametukanwa. Akavua ufunguo, akafungua tangi — fsssss! — akachovya kijiti, akamwonyesha. "Haya, tazama. Kashiba." Wakati huo Baba Mdogo amelowesha kitambaa na kukizungushia koili, ile inayozalisha cheche, ipate kupoa. Akapiga starta, akapiga tena. Kifaru akawaka.

"Umeme!" Baba Mdogo akapiga kifua. "Nilisema nini, kaka? Nilisema nini?"

Mezani Mama alisema atasema mara moja tu. Jumamosi twende kwa Bibi, kule juu kilimani. Kifaru akifika kwa nguvu zake na kurudi, yeye hatafungua mdomo tena juu ya gari hili maisha yake yote. Akizima njiani, jioni ile ile apelekwe kwa Bwana Maua.

Bwana Maua ana nyumba ya wageni. Anataka kumweka Kifaru langoni, ang'oe injini, apande maua chini ya boneti. Ameshachagua hata rangi!

Banda Mama analitaka liwe chumba cha kupimia watu presha. Hapo siwezi kumlaumu. Watu wa mtaa wanagonga mlango wa jikoni, anawapima karibu na sufuria. Juzi mama mmoja alipimwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukituchambulia mchele.

Nikasema, kwani Kifaru hawezi kulala nje? Baba alinitazama kana kwamba nimesema Bibi alale nje. Injini iliyofufuliwa jana inyeshewe!

"Sawa," Baba akajibu. "Jumamosi."

"Sawa, shemeji," akasema Baba Mdogo. Lakini alimeza mate kwanza, nilimwona.

Jumanne, 6 Agosti

Amezima tena! Mbele ya saluni, mchana kweupe, wanawake wenye vichwa nusu-nusu wakatoka kutazama.

Leo Baba alimkataza mdogo wake kugusa koili. Akafungua kabureta, akatoa kile kidude chenye tundu dogo kinachopimia mafuta, akakipuliza kwa mdomo hadi mashavu yakawa kama ya mpiga tarumbeta. Mwenye saluni akauliza kwa sauti kama gari lina mafuta au linakwenda kwa dua. Wanawake wakacheka. Baba na kijiti chake tena. Fsssss! Mafuta tele. Akapiga starta, Kifaru akawaka.

"Kabureta!" Sasa Baba ndiye aliyepiga kifua.

Wamerudi nyumbani hawasemeshani. Kila mmoja ana ushahidi. Baba Mdogo alipitisha ujumbe kwangu: "Profesa, mwambie kaka yangu anipe bisibisi." Kaka yake alikuwa amekaa katikati yetu.

Jumatano, 7 Agosti

Somo la Sayansi. Mwalimu alileta maharage mawili aliyoyaotesha kwenye makopo. Moja alilimwagilia na kuliweka dirishani, la pili alilinyima maji na kulificha kabatini. La kabatini limekufa. Akauliza limekufa kwa nini. Darasa zima: "Giza!" Wengine: "Kiu!" Akasema hamjui, na mimi sijui, kwa sababu nimebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Ukitaka kujua, badilisha kimoja tu.

Nikakaa wima. Baba na Baba Mdogo!

Jumapili ilikuwa kitambaa chenye maji. Jumanne ilikuwa kupuliza. Lakini siku zote mbili, kabla gari halijawaka, kuna kitu kingine kilifanyika na hakuna aliyekihesabu. Tangi lilifunguliwa.

Na ile fsssss? Kwa nini tangi lipige mluzi? Nimefikiri hadi mwalimu akaniuliza kama nimelala macho wazi.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo nitaandika mengi.

Baba Mdogo alikuwa kwenye friji ya watu, kwa hiyo nilimpata Baba peke yake. Tulizunguka uwanja. Kifaru akazima pale pale karibu na goli. Baba akaruka nje. Nikamshika shati. "Baba, nakuomba. Usiguse kitu. Jaribu kuwasha hivi hivi."

Akanihurumia, akapiga starta. Wapi! Akapiga tena. Wapi!

"Sasa nipe ufunguo." Nikafungua tangi. Fsssss — na nikaweka kiganja pale mdomoni. Hewa haikuwa inatoka. Ilikuwa inaingia! Inavuta mkono wangu kama mtoto anayenyonya. "Sasa washa, na usiguse kingine."

Starta ikalalamika kidogo. Kifaru akawaka!

Nilitaka kupiga kelele. Nikamwambia Baba, naona ni kifuniko. Baba akacheka kwa upole sana. "Kifuniko cha mama yako? Binti yangu, hicho ndicho kitu pekee kwenye gari hili ambacho hakijawahi kutusumbua." Halafu akapapasa usukani. "Umeona lakini? Lilitaka kupumzika tu. Jumamosi tutalipumzisha njiani." Akaimba hadi nyumbani. Ana furaha sana na hajanisikia hata neno moja.

Basi nikaenda kwa Mama, alikuwa anaosha vyombo. Nikamweleza yote, na mkono wangu ulivyovutwa. Hakunikatiza. Kisha akaacha sahani.

"Dripu," akasema.

Nikauliza dripu gani.

Akasema zile za chupa ya kioo za zamani, alijifunzia kazi nazo. Usipoichoma chupa ile sindano ya pili ya kuingizia hewa, dawa inashuka, inashuka, halafu inagoma. Chupa imejaa na mgonjwa hapati kitu. Mafuta yakitoka kwenye tangi, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Ikikosa pa kuingilia, pampu inavuta hadi inashindwa.

Tulikimbia bandani. Kile kifuniko cha kutu kilikuwa bado kwenye debe la takataka. Kina tundu, dogo kama la sindano. Kipya tulikigeuza Baba alipokuwa anaoga, ufunguo ukining'inia kwenye mlango wa bafu. Hakina tundu popote.

Mama alicheka hadi akashikilia mlango wa Kifaru. "Muuza duka aliniuliza ni cha gari gani. Nikamwambia la kijivu!"

Nami nikacheka. Nikamuuliza, Mama, hukujua kweli? Akasema angejua wapi, yeye alichagua kinachong'aa. Namwamini. Kisha cheko likamwisha. Akatazama banda, kuta zote, kama mtu anayepanga wapi kitanda kitakaa na wapi mizani.

"Usimwambie baba yako," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Nikaahidi.

Ijumaa, 9 Agosti

Hajamwambia.

Asubuhi nilimtazama wakati wa chai. Akanipa mkate. Jioni nilimtazama tena. Akaniuliza kama nina homa.

Baba amekisugua kifuniko kwa kipande cha mahameli kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi. Baba Mdogo amekuja na kitambaa chake na chupa ya maji. Angalau wanasemeshana. Wamekubaliana kwamba kama ni umeme atatengeneza mmoja na kama ni kabureta mwingine, na kama ni vyote viwili watakufa pamoja.

Bwana Maua amepita. Amepima Kifaru kwa hatua. Amesema hana haraka.

Nimemfuata Mama kibarazani. Nikasema, "Mama, kesho ndiyo Jumamosi."

"Najua siku za wiki, mwanangu."

Basi hivyo tu.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya Kifaru. Mwandiko mbaya kwa sababu gari limeinama. Tumezimikia kilimani!

Paa la Bibi naliona kutoka hapa. Bibi mwenyewe namwona, ametoka nje, ameweka mkono juu ya macho. Anatupungia kitambaa. Anadhani tumesimama kutazama mandhari.

Baba alimpumzisha Kifaru chini ya kilima kama alivyosema. Halafu tukapanda. Aliunguruma vizuri, nikaomba, nikaomba, nikaanza kufikiri labda kilima kimemponya. Kwenye kona ya mwisho ikaja kwikwi. Baba Mdogo akaruka na mawe, akayaweka nyuma ya magurudumu.

Sasa boneti iko juu. Baba Mdogo ameshamaliza maji yake yote kwenye koili. Baba amepuliza hadi midomo imekuwa myeusi. Hawagombani. Afadhali wangegombana! Baba Mdogo amejaribu mzaha, kwamba angalau Kifaru atanukia vizuri huko langoni. Baba hakucheka. Amekaa ukingoni mwa barabara, mgongo kwetu, futi imening'inia shingoni, na ule ufunguo. Tangi hakuna aliyelifungua. Leo hakuna aliyeuliza habari za mafuta, na anayeuliza siku zote amekaa hapa na mimi kwenye benchi la nyuma, mkoba magotini.

Nimemkanyaga mguu. Ameusogeza.

Nimemnong'oneza. Amesema, "Ngoja."

Ngoja nini? Nimemwangalia usoni. Anamtazama Baba kupitia dirisha la pembeni. Mara moja alifungua mdomo, akaufunga. Anakunjakunja mkanda wa mkoba. Macho yake yana maji kidogo, lakini kuna vumbi pia, siwezi kuapa. Nimeahidi kutosema na ahadi ni ahadi. Lakini sikuahidi kutomwuliza.

Baba amesimama. Anajipangusa mikono kwenye suruali yake nzuri. Anamwambia Baba Mdogo amfungie boneti, watageuza gari, litateremka lenyewe, litafika moja kwa moja kwa Bwana Maua bila kuwashwa. Anasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Baba Mdogo ameinama kuondoa jiwe la kwanza.

Nimeufunika ukurasa wote kwa mkono, nimemwachia Mama mstari mmoja tu asome, na kalamu nampa sasa hivi:

Mama, kinachokuzuia ni aibu ya kifuniko au ni banda? Nijibu hapa hapa chini, kabla Baba Mdogo hajatoa jiwe la pili.