Mama Mkwe na Mashine Iliyozimwa

Dada mshauri, nimekwama, na nyumbani siwezi kusema maana mke wangu ni binti wa huyohuyo anayenikosesha usingizi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, ujana wangu wote nimeumalizia kwenye utafiti wa maumivu ya mgongo na majeraha ya wanamichezo, na nina mashine ya mawimbi ya sauti ambayo nimeipigia debe kila mkutano, basi nikaifanyia jaribio, wagonjwa wengine wapitishiwe ikiwa inafanya kazi, wengine ikiwa imezimwa ila taa zinawaka, na wote tuwatembeze na kuwapa mazoezi, mama mkwe naye, ambaye mgongo ulikuwa ukimlaza kutwa, akang'ang'ania awemo, nikamweleza huenda akaangukia ile iliyozimwa, akanikatiza, "Mkwe, hotuba wapelekee wanafunzi wako, mimi nipe mashine." Dada, amepona! Anainama, anafua, anawaambia majirani, "Niliisikia ikiingia mpaka kwenye mfupa!" Wiki iliyopita tukafungua matokeo, kumbe yake ilikuwa imezimwa, na waliowashiwa hawakuwazidi wenzao hata kidogo. Alhamisi nawasilisha matokeo mbele ya wakubwa wa hospitali, na mama mkwe ameshonesha gauni jipya aje kutoa ushuhuda. Je, nikimtoa yeye na wachache waliopona kama yeye kwenye hesabu, ili mashine ionekane imeshinda, nitakuwa nimekosea sana?

Mkwe Mashakani

Mkwe, pole. Sasa pole imekwisha, tuzungumze.

Unauliza kama ni kosa "sana", kana kwamba lipo kosa la kiasi unalotaka nikupimie. Hilo lina jina, linaitwa uongo, na wewe ni msomi, jina unalijua. Usimsingizie mama wa watu. Kosa lake ni nini? Kupona bila ruhusa ya mashine yako?

Najua inauma. Umeizungumzia mashine hiyo mpaka nadhani mkeo ameanza kuionea wivu. Lakini hebu tumia hiyo elimu: mama aliyekuwa akijilaza kutwa, ukamwinua, ukamtembeza, ukamfundisha kuinama, ukamsikiliza akilalamika bila kuangalia saa. Halafu unashangaa amepona! Huo ndio utafiti wako, bwana, na umeukalia.

Leo hii nenda kwake, peke yako, umwambie. Atakutukana, mwache amalize. Usimcheke kuhusu mfupa, maana nafuu aliyoipata ni ya kweli. Alhamisi soma hesabu yote, pamoja na yeye, na akitaka kuja na gauni lake mpe kiti cha mbele.

Wakubwa watakununia, nawe utaona aibu, na itapita. Ukidanganya, kuna mgonjwa atakayelazwa chini ya mashine ambayo unajua haimsaidii. Atainuka mgongo ukiwa vilevile, atakushika mkono, na atakushukuru.