Bunduki ya Upepo Iliyosuguliwa kwa Majivu

Jumamosi, Nambis. Ukungu umelala juu ya mashamba tangu alfajiri, na sasa ni jioni bado siioni nyumba ya jirani. Katika baridi hii mtu mwenye busara angekaa jikoni karibu na moto. Mimi nimekaa stoo, nimevaa makoti mawili, na nimekasirika.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: nakusanya bunduki za upepo za zamani, zile ambazo mtu hupampu mkono ulio chini ya mtutu mara kadhaa mpaka hewa ijae ndani, ndipo afyatue. Ninazo nne, zote zina vibali. Zamani zilikuwa zikilinda mahindi dhidi ya ndege na ngedere; leo nyingi zimesahauliwa darini. Nina shahada ya historia, nafundisha kwa kujitolea katika sekondari ya kata nikisubiri ajira, na vijana wa kijiweni wananiita Msomi wa Manati. Sijawahi kuwaomba waache.

Baba hana utani huo. Yeye anataka stoo yake. Maharage yanavunwa, na kila gunia linalolazwa sebuleni kwa kukosa nafasi linakuwa kosa langu. Kwa hiyo alinipa sharti. "Niletee mtu mmoja tu mwenye akili timamu atakayenunua hata moja, na nyingine zitabaki hapa. Asipopatikana, zote zinakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kule Katesh."

Nilikubali mbele ya mama. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hakika.

Hakika yangu ilikuwa bunduki ya Endasak. Niliipata kwa mkulima mmoja kwenye mteremko wa Mlima Hanang, aliyeachiwa na marehemu baba yake na hakuwa na haja nayo. Mkono wa pampu ulikuwa wake wa asili. Kitako hakikuwa na ufa. Na jambo la nadra kuliko yote, mtutu ulikuwa bado na rangi yake ya kiwandani, ule weusi unaokaribia buluu, uliochujuka kidogo tu pale ambapo kiganja cha mwenyewe kilizoea kushika. Katika blogu hii hii niliandika makala nzima juu ya rangi hiyo. Nilisema, kwa maneno ambayo leo yananisuta, kwamba anayesugua bunduki ya zamani anaifuta historia yake.

Mnunuzi alikuwa mkusanyaji mwenzangu wa Arusha, mtu mzima tuliyefahamiana kwa simu. Picha alikuwa ameziona, bei tulikuwa tumekubaliana. Leo alikuja kuiona kwa macho kabla hatujakwenda polisi kubadilisha umiliki.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Katika nyumba ya mama yangu, mgeni hatolewi chombo cheusi. Akisikia mgeni yuko njiani, masufuria yote hutoka nje, husuguliwa kwa majivu na mchanga ndani na nje, kisha hupangwa juani mpaka mpita njia afumbe macho. Jana, nilipokuwa shuleni, aliyasugua masufuria. Halafu akakumbuka kwamba mgeni huyu haji kwa ajili ya chakula. Anakuja kwa ajili ya bunduki.

Nilijua haya leo asubuhi, mgeni akiwa ameshika kikombe cha chai na baba akiwa kwenye kiti chake. Mama aliingia amebeba kitu kilichofungwa ndani ya kitenge kipya. Akakifungua juu ya meza kwa uangalifu wa mtu anayefunua mtoto.

Mtutu uling'aa kama sufuria ya harusini. Kitako alikuwa amekipaka samli.



Mgeni aliinyanyua, akaigeuza, akainusa. Kisha akacheka. "Mama, hii umeisugua au umeiunga?"

"Majivu tu, baba," mama akajibu, akidhani anasifiwa. "Ilikuwa na weusi mwingi. Huyu anazitunza, lakini kusafisha hajui."

Mgeni akanigeukia mimi. "Msomi, vitu vya thamani haviwekwi nyumba moja na watu wa aina hii. Sasa hii ni ya kutolea spea. Nitakupa bei ya spea."

Nilimwona mama akianza kukunja kitenge chake, taratibu, pembe kwa pembe.

"Haiuzwi," nikasema.

Mgeni akapandisha bei kidogo. Nikarudia. Akapandisha tena, na safari hii baba akajikohoza, kikohozi ambacho kila mtoto wa nyumba hii anajua maana yake. Nikarudia mara ya tatu. Mgeni akaweka kikombe chini, akaita bodaboda, akaingia kwenye ukungu.

Baba akanigeukia. "Mheshimiwa Digrii, nataka kuelewa kitu kimoja. Tumekosa hela kwa sababu ya ujinga au kwa sababu ya kiburi?"

"Kiburi, baba."

"Afadhali ungesema ujinga. Ujinga ningeusamehe. Jumatatu gari la chuma chakavu linapita."

Najua mtakachoniandikia chini ya ukurasa huu. Mtaninukuu. Mtasema mnunuzi alifuata kanuni niliyoihubiri mwenyewe, na mtakuwa sahihi. Rangi ya asili ikishaondoka hairudi, na bei ya spea ilikuwa ya haki. Kanuni ile naishikilia mpaka sasa. Nimesoma vitabu vinavyodai thamani ya kitu ni kazi iliyomo ndani yake, na vingine vinavyodai ni kile ambacho mnunuzi yuko tayari kutoa. Ninaweza kubishana upande wowote mpaka chai ipoe. Lakini mtu yule alipomaliza kuikadiria bunduki aliendelea, akamkadiria mama yangu kwa pumzi ile ile. Sikumwita kwa kazi hiyo.

Mama alinifuata hapa stoo mchana. Alisimama mlangoni, mikono ndani ya shuka.

"Nimekosea?"

Mimi ninayebishana na kila mtu nikamjibu, "Hapana, mama."

"Basi kesho tukitoka kanisani nitazimalizia na hizi tatu."

Ikabidi nimweleze. Nilimweleza juu ya weusi ule, juu ya alama ya kiganja, juu ya wanachokitafuta wakusanyaji. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akiangalia zile tatu ukutani.

"Kumbe uliharibikiwa kweli," akasema. "Sasa kwa nini hukuchukua hela alizoongeza?"

"Kwa sababu alikudharau."

"Wewe nawe. Mimi nimedharauliwa na watu wakubwa kuliko yule, maharage nikapanda na wewe ukasoma. Ungechukua hela."

Akaondoka kwenda kukamua ng'ombe.

Tangu hapo nimekaa na maneno hayo. Inawezekana hakuhitaji kutetewa. Inawezekana nililokuwa nikilitetea ni jina langu mimi, nikatumia jina lake kwa sababu linapendeza zaidi. Nakubali inawezekana. Hata hivyo mtu yule akirudi kesho na mara mbili ya bei, atanikuta na jibu lile lile.

Sharti la baba nimelikubali kwa kinywa changu na nimeshindwa. Stoo ni yake. Lakini chuma chakavu, hapana. Kuna chumba cha kupanga karibu na shule, kina mlango imara. Jumatatu asubuhi, kabla ya gari kupita, nitatoa taarifa polisi kwamba nimehamisha makazi, na nitahama na bunduki zangu nne. Baba atapata nafasi ya magunia yake. Vijana wa kijiweni watapata la kucheka wiki nzima, na nitapita mbele yao mchana kweupe.

Kinachonisumbua ni kingine. Je, nitaweza kumwomba mama radhi kwa kumsemea bila kumuuliza, mimi ambaye hata kukiri kosa hugeuza kuwa hoja?

Hilo sijalijibu. La kuuza nimeshalijibu.